Mpishi wa kwenye simu hajui presha yako

Wapishi wa kwenye simu na runinga wamefanya kazi ambayo sisi madaktari ilitushinda. Kwa miaka mingi tumewasihi watu wapike nyumbani na wapunguze chipsi za njiani, na wengi walituitikia kwa kichwa tu. Leo mama anatoka kazini jioni, anaingia jikoni kujaribu samaki wa kupaka au biriani aliyoiona jana usiku, na watoto wanamzunguka wakisubiri kuonja. Nafurahi sana. Mimi pia nina mpishi wangu ninayemfuatilia. Sitamtaja, maana mtaanza kubishana nani fundi zaidi.

Shida yangu ni neno moja wanalolipenda wote: "kiasi". Chumvi kiasi, mafuta kiasi, mkono unapita juu ya sufuria na pishi linaendelea. Mpishi anapika ili chakula kinoge na kipendeze mbele ya kamera. Hajui kwamba mezani kwako ameketi baba mwenye presha, bibi mwenye kisukari na mtoto wa miezi kumi. Wewe unajua, kwa hiyo kupima ni kazi yako.

Chukua pilau ya kilo moja ya mchele, ya watu wanane. Tuseme mpishi ametia vijiko viwili vya chai vya chumvi. Hapo kuna gramu kumi au zaidi kidogo. Kisha akamwaga vijiko viwili vya chakula vya soya sosi ili pilau ipate rangi. Kila kijiko kina zaidi ya gramu 2 za chumvi. Kisha vidonge viwili vya supu vya dukani, ambavyo ukisoma karatasi yake utaona mara nyingi chumvi ndiyo inayotajwa kwanza. Ukijumlisha yote, sufuria hiyo inakaribia gramu 20, yaani gramu mbili na nusu kwa kila sahani. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe gramu 5 kwa siku, sawa na kijiko kimoja cha chai kilichosawazishwa. Sahani moja imekula nusu ya siku, na hatujagusa kachumbari, mkate wa asubuhi wala ile sahani ya pili ambayo kwa pilau haikosekani.

Mafuta nayo hupimwa kwa macho. Kikombe kimoja cha mililita 250 kina takribani kilokalori 2,000, karibu na mahitaji ya mtu mzima kwa siku nzima. Kwa pilau hiyo hiyo, robo ya kikombe inatosha kukaangia vitunguu ukiwa na subira.

Sasa niseme jambo linalonisumbua zaidi kliniki. Mgonjwa anaambiwa ana presha, na kuanzia siku hiyo anapikiwa kisufuria chake. Familia inakula pishi jipya la mpishi, yeye anawekewa mchicha wa kuchemsha na kipande cha samaki kisicho na ladha. Wiki ya kwanza anavumilia. Wiki ya tatu anaingia jikoni usiku kufunua sufuria ya wenzake, au anakula kwa mama ntilie karibu na kazini na hasemi. Akija kwangu vipimo viko juu, mke wake anaapa kwamba nyumbani hali chumvi, na wote wawili wanasema kweli. Nikikosa kuuliza vizuri, nitamwongezea dawa mtu ambaye alihitaji kurudishwa mezani.

Kwa hiyo msimamo wangu ni huu: pikeni sufuria moja, na ipunguzwe kwa wote. Kijana wa miaka 15 ambaye leo hana presha haitaji ile chumvi ya ziada zaidi ya baba yake. Najua wapo watakaolalamika kwamba wanaadhibiwa kwa ugonjwa wa mtu mwingine. Basi msipunguze kwa kishindo. Wiki hii toa robo ya chumvi iliyoandikwa kwenye pishi, baada ya wiki mbili toa robo nyingine. Ulimi huzoea ndani ya wiki chache, na wengi hawatagundua kama hukutangaza.

Ladha isipungue pamoja na chumvi. Rangi ya pilau inatoka kwenye vitunguu vilivyokaangwa taratibu hadi vikawa kahawia, hivyo soya sosi haina kazi pale. Bizari nzima ikikaangwa kavu kidogo kabla ya kutwangwa inanukia maradufu. Kama unatumia kidonge cha supu, hicho ndicho chumvi yako, usiongeze nyingine kabla ya kuonja. Onja mchuzi kabla mchele haujaingia, maana baada ya hapo huna la kurekebisha. Ndimu ikamuliwe mezani. Na kikopo cha chumvi kibaki jikoni.

Kwa wazazi wa watoto wadogo: mtoto aliye chini ya mwaka mmoja atolewe sehemu yake kabla ya chumvi na vidonge kuingia. Asipewe asali hata tone, hata kama pishi la uji linaisifia, kwa sababu inaweza kubeba vijidudu vinavyozalisha sumu ya kulegeza misuli ndani ya utumbo wa mtoto mchanga. Karanga na korosho nzima zinazopambia wali zinaweza kumkaba mtoto wa chini ya miaka mitano, zisagwe. Na unapokaanga huku unatazama simu, kuna mtu wa tatu jikoni ambaye hamjamwona, anayenyoosha mkono kwenye mpini wa kikaango. Ugeuze mpini ndani.

Naulizwa sana kuhusu chumvi ya rangi ya waridi ambayo baadhi ya wapishi wanaisifia. Kwa presha, chumvi hiyo ni chumvi. Tena mara nyingi haikuongezwa madini joto, ambayo mjamzito na mtoto wanayahitaji kwa ajili ya ubongo na kuzuia rovu. Ipo pia chumvi iliyopunguzwa sodiamu kwa kuwekewa potasiamu. Hiyo ni habari tofauti. Januari 2025 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo unaoipendekeza kwa watu wazima, isipokuwa wajawazito na wenye matatizo ya figo, na watoto hawakuhusishwa. Kama figo zako zina hitilafu, au unatumia losartan, enalapril au spironolactone, usiinunue kabla ya kumuuliza daktari wako, kwani potasiamu ikizidi kwenye damu inaweza kuvuruga mapigo ya moyo.

Kuhusu mapishi yanayotangazwa kwamba yanashusha presha au yanaponya kisukari, supu ya kitunguu saumu na ndugu zake: inywe kama ni tamu. Vidonge vyako vya asubuhi viendelee.

Siku yako ya kliniki ikifika, andika kwenye karatasi pishi moja unalolipika mara nyingi, na vipimo vyake kama unavyovitia wewe, kwa vijiko na vikombe. Muulize daktari au mtaalamu wa lishe akuoneshe mahali pa kupunguza. Tukiwa na karatasi hiyo tunaongea kuhusu sufuria yako, na dakika kumi zinatosha.