Upasuaji wa nyonga: Tusimlaze mama kwa huruma

Msomaji wangu, kuna maneno ambayo kila daktari wa wodi ya mifupa ameyasikia: "Daktari, mwache mama apumzike kwanza." Yanasemwa kwa upendo. Lakini kwa mzee aliyetoka kufanyiwa upasuaji wa nyonga, mapumziko hayo ya kitandani ndiyo yanayoweza kumuua.

Namkumbuka bibi mmoja wa miaka 74 aliyeteleza bafuni akavunjika mfupa wa nyonga. Aliwekewa nyonga bandia, upasuaji ukaenda vizuri, akaruhusiwa akiwa anatembea kwa fremu. Nyumbani wanawe wakamtandikia kitanda kizuri, wakamlisha na kumwogesha hapohapo. Wiki ya tatu mguu ukavimba. Binti yake akaukanda kwa maji ya moto, kama tulivyolelewa wengi wetu. Aliporudishwa hospitali alikuwa akihema kwa shida: damu iliyoganda mguuni ilikuwa imesafiri hadi kwenye mapafu. Huyu tulimwahi. Wapo ambao hatuwawahi.

Sababu ni hii. Misuli ya miguu husaidia kusukuma damu irudi moyoni. Mtu akilala siku nzima damu hutuama, na damu iliyotuama huganda kwa urahisi. Mapafu nayo hushikwa na nimonia, ngozi ya makalio hutoka vidonda vya kulalia, na misuli hunyauka. Ndiyo maana tunamsimamisha mgonjwa siku ileile au kesho yake. Si kwamba hatumwonei huruma.

Maandalizi yanaanza kabla ya kisu. Aliyevunjika nyonga afikishwe hospitali siku hiyohiyo, kwa sababu kila siku inayopotea kwa mganga wa mifupa wa kienyeji humwongezea hatari. Kwa upasuaji uliopangwa, tumia wiki zilizobaki kushusha sukari na shinikizo la damu, na kuacha sigara, kwani sigara huchelewesha mfupa na kidonda kupona. Mweleze daktari dawa zote unazotumia, pamoja na miti shamba. Usiache dawa yoyote bila kuambiwa. Ukiwa na jipu, kidonda au jino bovu, sema mapema. Ukiambiwa usile kwa saa 6 kabla ya upasuaji, ujue kwamba chai ya maziwa nayo ni chakula.

Kisha itazame nyumba yako. Baada ya kuwekewa nyonga bandia, kuchuchumaa chooni, kukaa kwenye kigoda au mkeka na kukunja nne kunaweza kuichomoa, hasa miezi 3 ya mwanzo. Kiti imara cha plastiki kilichotobolewa katikati na kuwekwa juu ya tundu la choo kinatosha. Inua kitanda, ondoa mazulia yanayoteleza, weka taa ya usiku. Anayeswali aswali akiwa amekaa kwenye kiti.

Mazoezi hayahitaji mashine. Akiwa macho, apandishe na kushusha nyayo mara 10 kila saa. Akaze msuli wa paja, ahesabu hadi 5, aachie. Atembee kwa fremu au magongo mara kadhaa kwa siku, umbali ukiongezeka kidogo kidogo. Maumivu yakimzuia, apewe dawa alizoandikiwa nusu saa kabla. Chakula kiwe na maharage, mayai, samaki na dagaa. Supu ya mifupa si mbaya, ila peke yake haiungi mfupa.

Lawama nyingine ni yetu sisi watoa huduma. Mara nyingi tunamruhusu mgonjwa kwa maelezo ya dakika 2, huku ndugu wakihangaika na bili. Nauli ya kurudi kwa mtaalamu wa fiziotherapia nayo huwashinda wengi. Kwa hiyo nakuomba usikubali kuondoka wodini kabla hujajibiwa haya: mguu uruhusiwe kubeba uzito kiasi gani? Dawa ya kuzuia damu kuganda itatumika siku ngapi? Nyuzi zitatolewa lini? Nimpigie nani kukiwa na tatizo? Na yule atakayemuuguza nyumbani afundishwe mazoezi kwa vitendo, naye ayarudie mbele ya mtaalamu.

Rudi hospitali siku hiyohiyo ukiona mguu umevimba au unauma kwenye kigimbi, kidonda kinatoa usaha, homa, au mguu umekuwa mfupi ghafla na haukanyagiki. Kifua kikibana au pumzi ikikata, usisubiri hata saa moja. Mguu uliovimba usikandwe wala kuchuliwa, na kidonda kisiguswe na maji ya moto.

Mama amekulea kwa kukushika mkono ujifunze kutembea. Sasa ni zamu yako. Msimamishe.