Sura Moja, Mavazi Mengi: Mabinti wa Kifalme wa Filamu za Katuni na Wanawake wa Ngoma ya Kioda

Utangulizi

Uhakiki wa fasihi ya Kiswahili umezoea kumpima mhusika kwa maneno: asemalo, atendalo, na yale ambayo wenzake wanayanena juu yake. Mhusika wa kuchorwa, ambaye mtoto humfahamu kwa macho kabla ya kumfahamu kwa masikio, ameachwa nje ya ua wa taaluma yetu kana kwamba si mhusika. Makala haya yanashikilia kwamba kuachwa huko kuna hasara, na kwamba hasara yenyewe huwafikia watoto wa kike mapema kuliko tunavyodhani.

Tuchukue mfano wa Mbinga na mwambao wa Ziwa Nyasa katika Mkoa wa Ruvuma, nchi iliyo mbali na studio za California kwa kila kipimo. Hata huko, mabegi ya shule, fulana za mitumba na majalada ya madaftari huja na picha za mabinti wa kifalme wa filamu za katuni za Kimarekani, na filamu zenyewe hunakiliwa katika kadi za simu zikafika vijiji ambavyo havijapata kuwa na ukumbi wa sinema. Mtoto wa Kimatengo au wa Kinyasa anayemtazama binti huyo hapokei hadithi peke yake. Anafundishwa pia namna msichana anayestahili kusimuliwa anavyopaswa kuonekana. Swali letu basi ni hili: kwa nini mabinti hao wanafanana mno, na kufanana huko kunatuambia nini?

Kalibu na alama zake

Kampuni ya Walt Disney iliufungua mkondo huu mwaka 1937 kwa filamu ya Snow White, ikafuatiwa na Cinderella mwaka 1950 na nyingine nyingi baadaye. Ufanano ulidhihirika zaidi filamu hizi zilipoanza kutengenezwa kwa kompyuta. Rapunzel wa filamu ya Tangled ya mwaka 2010, pamoja na Anna na Elsa wa Frozen ya mwaka 2013, wana uso uleule wa mviringo, macho yaleyale makubwa kupita kiasi, pua ndogo iliyobinuka, kidevu kidogo na kiuno chembamba. Waondolee nywele na mavazi, nawe utapata taabu kumtenga mmoja na mwingine. Kinachowatofautisha ni rangi ya nywele, msuko na gauni, yaani mambo yaleyale yanayoweza kuuzwa dukani.

Wapo wanaoitetea hali hii kwa hoja za ufundi. Husema kwamba uso wenye mistari michache ndio unaopendeza machoni, na kwamba kiolezo cha kompyuta kilichokwisha kutengenezwa hupunguza gharama kikitumiwa tena. Mwaka 2013 msimamizi wa uhuishaji wa Frozen alieleza kwamba kuwahuisha wahusika wa kike ni kazi ngumu, kwa kuwa hupaswa kupitia hisia nyingi huku wakibaki warembo. Kampuni ililalamika kwamba maneno hayo yametolewa nje ya muktadha wake. Hatuna haja ya kumhukumu msemaji; hoja yenyewe inatosha kupimwa, na ikipimwa kwa filamu za kampuni ileile haisimami.

Katika filamu ya mwaka 1937 wamo mbilikimo saba. Wote ni wanaume, wote ni wafupi, wote hufanya kazi moja ya mgodini, na sita kati yao wana ndevu nyeupe. Hata hivyo kila mmoja ana uso wake, mwendo wake na tabia yake, na mtoto wa miaka mitano huwatambua bila shida. Waliochora nyuso saba za wazee katika filamu moja, tena kwa mkono, hawakukosa ufundi wa kuchora nyuso mbalimbali za wasichana. Vilevile mchawi Ursula katika The Little Mermaid ya mwaka 1989 ni mnene, ana kidevu kizito na uso usiosahaulika. Hapa ndipo siri ya kalibu inapofichuka: mwanamke hupewa sura yake mwenyewe akiwa mzee au akiwa mwovu. Akiwa kijana na mwema, hupewa sura ya wote.

Sura ya wote ni sura isiyo na historia. Cinderella hufagia, hufua na kupika tangu alfajiri, lakini mikono yake haionyeshi hata alama moja ya kazi hiyo. Mkazi wa milima ya Umatengo ana sababu ya kulistaajabia jambo hili. Katika kilimo cha ngoro, ambacho kimeyafanya mashamba ya miteremko ya Mbinga yajulikane hata nje ya Tanzania, kwa desturi mwanamume hufyeka majani na kuyapanga kwa miraba, na mwanamke huchimba udongo na kuyafunika, mpaka mlima wote ukajaa mashimo yanayozuia maji ya mvua yasiukokote udongo. Mwanamke aliyefanya kazi hiyo miaka ishirini anayo mikono ambayo huwezi kuibadilisha na ya mwingine. Msanii anayemchora mfanyakazi bila alama ya kazi hajampamba. Amemfutia maisha yake.

Kalibu hii, aidha, haiwaachii hata wale waliofanikiwa kuitoroka. Merida wa filamu ya Brave ya mwaka 2012 alichorwa na uso mpana, nywele zisizotii kitana na mwili wa msichana apandaye farasi na kupiga upinde. Mwaka 2013, alipoingizwa rasmi katika safu ya mabinti wa kifalme wa kampuni, ilitolewa picha yake mpya: kiuno kimepungua, gauni limeshuka mabegani, upinde haupo. Brenda Chapman, aliyemuumba mhusika huyo, alipinga hadharani, na zaidi ya watu 200,000 walitia saini ombi la kutaka arudishiwe sura yake.

Kisa cha Tiana kinatugusa sisi kwa karibu zaidi. Huyu ndiye binti wa kifalme wa kwanza mweusi katika filamu za kampuni hiyo, mwaka 2009, na sehemu kubwa ya filamu yake anaonekana akiwa chura. Mwaka 2018, zilipotolewa picha za awali za filamu nyingine ambamo mabinti hao wote walikusanyika, Tiana alionekana ana ngozi iliyopauka na pua iliyokondeshwa. Watu walilalamika, na kampuni ikalazimika kumchora upya. Funzo ni kwamba kalibu haibagui rangi kwa kumkataa mtu mlangoni. Humkaribisha ndani, kisha ikamsogeza hatua kwa hatua kuelekea sura moja.

Huenda msomaji akasema kuwa maumbile nayo hufanya hivyohivyo. Katika miamba ya Ziwa Nyasa wanaishi samaki waitwao mbuna, ambao madume yao yana rangi za samawati na manjano za kupendeza, ilhali majike ya spishi nyingi ni ya rangi hafifu na yanafanana kiasi cha kumchanganya hata mtaalamu. Hata hivyo tofauti ni kubwa. Jike la mbuna halijali kama mtazamaji amelitambua. Lina maisha yake majini, na ndilo linalochagua dume la kuzaa nalo. Mhusika wa kuchorwa hana maisha mengine nyuma ya picha. Asichopewa na mchoraji, hana.

Lawama isiishie ng'ambo

Ingekuwa rahisi kuhitimisha hapa kwa kuulaumu ubeberu wa utamaduni, lakini haki inatutaka tutazame pia nyumbani. Msomaji wa riwaya pendwa za Kiswahili za miaka ya 1970 na 1980 anamfahamu mwanamke mmoja anayehama kutoka kitabu hiki hadi kile: rangi yake ya maji ya kunde, macho malegevu, shingo ndefu, mwanya, kiuno cha nyigu, miguu ya chupa. Jina hubadilika, mji hubadilika, gauni hubadilika. Yeye habadiliki. Mtunzi aliyemweleza kwa orodha hiyo alikuwa akimhuisha binti wa kifalme kwa wino, bila ya kompyuta. Tena aghalabu mhusika wa kiume wa riwaya hiyohiyo alikuwa na kovu, kigugumizi, deni au kumbukumbu, alikuwa mtu.

Fasihi yetu, hata hivyo, ina njia nyingine pia. Shaaban Robert aliandika wasifu wa Siti binti Saad, mwimbaji aliyezaliwa Fumba, Unguja, na ambaye mwaka 1928 alirekodi nyimbo zake Bombay. Siti alidhihakiwa kwa sura yake na kwa unyonge wa ukoo wake, na ukubwa wake haukutokana na kuifanya sura hiyo ifanane na nyingine. Alijulikana kwa sauti, na sauti haiazimwi.

Fasihi simulizi nayo inatupa funzo. Kisa cha wasichana wawili, mmoja mwenye utu na mwingine mwenye kiburi, wanaokutana njiani na bibi kizee mwenye vidonda anayeomba aoshwe, kinasimuliwa kwa namna mbalimbali mahali pengi pa Afrika Mashariki. Aghalabu wasichana hao ni watoto wa nyumba moja, na mtambaji hana haja ya kutueleza pua zao. Anawatofautisha kwa namna kila mmoja anavyomgusa bibi kizee yule. Mtambaji haelezi sura kwa sababu anaiachia hadhira, na kila mtoto aliyekaa motoni huweza kumvika msichana mwema uso wa dada yake au uso wake mwenyewe. Filamu imeichukua nafasi hiyo. Mradi imeichukua, inawajibika kwa namna inavyoijaza.

Kioda: vazi moja, sura nyingi

Mwambao wa Nyasa una sanaa inayoweza kutusaidia kuifikiri hoja hii kinyumenyume. Watu wa Mbamba Bay, Liuli na vijiji jirani wanazo ngoma mbili mashuhuri: mganda, ngoma ya wanaume iliyoazima mwendo wa gwaride la askari wa enzi za ukoloni, na kioda, ngoma ya wanawake. Wachezaji wa kioda huvaa sare, hujipanga kwa mistari na hucheza kwa mwendo mmoja. Anayewatazama kwa mbali huona kundi la watu wanaofanana.

Asogee karibu. Vazi ni moja, lakini ndani ya vazi hilo yumo mnene na mwembamba, yumo bibi na mjukuu, yumo mwenye sauti ya kuanzisha wimbo na mwenye mguu usiokosea. Mwenyeji huwataja mmoja mmoja kwa majina bila kusita. Sare imetokana na mapatano: wanawake wenyewe wamekubaliana kufanana kwa muda, kwa ajili ya kazi wanayoifanya pamoja, na kila mmoja ameingia katika mapatano hayo na uso wake. Ngoma ikiisha, hurudi nao nyumbani.

Mabinti wa kifalme wamejengwa kwa kanuni iliyo kinyume cha hiyo. Kila mmoja ana gauni lake, rangi yake na wimbo wake, ili mnunuzi asiwachanganye. Lakini uso ni mmoja. Kioda hufananisha mavazi ili watu wabaki watu. Kalibu hutofautisha mavazi ili ifichike kwamba watu hawamo. Kwa maoni yetu, hii ndiyo hoja ambayo uhakiki wa Kiswahili unaweza kuichangia katika mjadala huu, nayo imekaa pwani ya Nyasa ikisubiri kusomwa.

Hitimisho

Suala hili si la watazamaji peke yao tena, kwa kuwa sasa Waafrika nao wanachora. Shirika la Ubongo la Dar es Salaam limekuwa likitengeneza kipindi cha watoto cha Akili and Me, ambacho mhusika wake mkuu ni msichana mdogo anayeishi chini ya Mlima Kilimanjaro. Katika nchi jirani ya Zambia, Malenga Mulendema alibuni Supa Team 4, iliyoonyeshwa kwa mara ya kwanza mwaka 2023, ambamo wasichana wanne wa Lusaka wana maumbo tofauti kiasi kwamba hata vivuli vyao hutambulikana. Kazi hizi zinathibitisha kwamba kalibu si sheria ya maumbile. Lakini mchoraji chipukizi anayejifunza kwa kunakili huchukua kwanza kile kilichoenea zaidi, na kilichoenea zaidi ni uso ule mmoja.

Kwa hiyo tunapendekeza mambo mawili. Kwanza, idara zetu zinapokusanya ngano za Wamatengo, Wamanda, Wampoto na Wanyasa, zisiishie kwenye maneno na mafunzo. Ziandike pia jinsi watambaji wanavyoiga mwendo, mikono na nyuso za wahusika wao wa kike, kwa maana hiyo ndiyo hazina ambayo mchoraji anaihitaji, na watambaji hawatakuwapo siku zote. Pili, mhusika wa kuchorwa aingizwe katika mafunzo ya uhakiki na apimwe kwa mizani iliyo wazi: mfunike nywele, mvue gauni, mnyamazishe wimbo, kisha uliza kama bado unamjua. Mizani hiyohiyo itumike kwa mwanamke wa riwaya zetu.

Mtoto wa kike wa Mbinga hahitaji kuambiwa kwamba naye anaweza kuwa binti wa kifalme. Anahitaji kuona, walau mara moja, msichana mwema katika hadithi ambaye hawezi kubadilishwa na mwingine yeyote, ili asije akadhani kwamba wema wa mwanamke huanza pale uso wake unapofutika.