AJALI HII INA KINGA

Msumeno wa umeme unaopasua mifupa ya ng'ombe hautofautishi mfupa wa mnyama na mfupa wa binadamu. Mashine ya kusaga nyama ikishaunasa mkono haiuachii mpaka izimwe. Wenye viwanda vya nyama wayajua haya. Hata hivyo, kila mfanyakazi akatwapo vidole, jibu ni lile lile: ajali haina kinga.

Sisi twakataa methali kugeuzwa ngao ya dhuluma. Mashine ina kinga. Ni kifuniko cha chuma juu ya meno yake. Ni swichi ya kuizima iliyo karibu na mkono. Ni kukata umeme kabla ya kuisafisha. Kinga huondolewa kwa sababu hupunguza kasi, na kasi ndiyo faida. Sakafu ina mafuta na damu, vidole vimekufa ganzi kwa baridi, zamu ni ndefu. Anayetaka mtu asiteleze hapo hata mara moja anataka muujiza. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 haikungoja muujiza. Yamwamuru mwenye kiwanda kuziba sehemu hatari za mashine, na yamkataza kumrudisha mfanyakazi penye hatari kubwa iliyoripotiwa ambayo haijaondolewa.

Uongo wa pili ni kwamba aliyeumia "kwa uzembe wake" hana haki. Sheria ya Fidia ya Majeraha Kazini ya 2007 haimtaki majeruhi athibitishe kosa la mwajiri. Kinachoweza kumnyima fidia ni utovu wa nidhamu wa makusudi. Kuteleza si makusudi. Kuchoka si makusudi. Ulemavu wa kudumu hupimwa kwa asilimia, na fidia hukokotolewa kwa msingi wa mapato ya miezi 96. Lilinganisheni hilo na bahasha anayopelekewa majeruhi kitandani, pamoja na karatasi ya kutia sahihi! Wala kibarua asitishwe kwamba hana barua ya kazi: Sheria ya Ajira ya 2007 yautambua mkataba wa mdomo.

Mbona basi haki haifiki? Sheria ya fidia ilimzuia majeruhi kumshtaki mwajiri moja kwa moja. Mwaka 2009 Mahakama Kuu ilikibatilisha kizuizi hicho. Mahakama ya Rufaa ikakirejesha mwaka 2017, na Mahakama ya Juu ikakubaliana nayo mwaka 2019. Dai sharti lianzie kwa Mkurugenzi wa Usalama na Afya Kazini. Rufaa mahakamani huja baadaye. Mlango ni mmoja, na ufunguo umo mfukoni mwa mwajiri, kwa kuwa ndiye anayepaswa kuripoti ajali kwa Mkurugenzi katika siku 7. Akinyamaza, miezi 12 ya kuwasilisha dai yazidi kuyoyoma, huku majeruhi akingoja kidonda kipone na akiamini ahadi.

Vuguvugu lililofanya kifungu cha 2A kifutwe mwaka 1991 halikuwa la kubadilisha wakaliao viti tu. Ibara ya 41 ya Katiba ya 2010 yampa kila mfanyakazi haki ya mazingira ya kazi yanayofaa na ya kujiunga na chama. Demokrasia inayokomea kwenye lango la kiwanda ni nusu ya demokrasia.

Kwa hiyo twadai: kwanza, mwajiri anayeficha ajali ashtakiwe. Pili, wakaguzi waingie viwandani bila kubisha hodi ya wiki mbili. Tatu, nasi tusikae kitako. Kila kanisa na kila kikundi cha haki karibu na viwanda hivi kiwe na daftari: jina la majeruhi, tarehe, mashine, mashahidi, na nakala ya barua iliyopelekwa kwa Mkurugenzi. Asitie sahihi karatasi yoyote kabla haijasomwa na anayeielewa.

Mkono uliokatika haurudi. Haki yake isikatwe pia.