Treni au ndege? Hesabu ya mtu wa Uru

Kila inapofika Novemba, chumba chetu cha habari kinakuwa na utani mmoja tu. "Mangi, mwaka huu unapanda nini?" Tunaulizwa mimi na wenzangu wawili tunaotoka Kilimanjaro. Utani wenyewe mnaujua: Desemba Dar inabaki tupu, foleni zinaisha, Wachaga wote wamekwenda kuhesabiwa. Nami hucheka nao, kisha narudi kwenye kompyuta yangu na kuanza kupiga hesabu kimya kimya. Kwa mtu anayeishi kwa mshahara wa mwandishi wa habari, lile swali si utani hata kidogo.

Mimi kwetu ni Uru. Kwa asiyepajua, ukishuka Moshi mjini ukautazama mlima, Uru iko hapo mbele yako, unapoanza kupanda kuelekea kwenye migomba na kahawa. Kutoka Dar hadi Moshi kwa barabara ni kama kilomita 560. Njia ni tatu: basi, treni au ndege. Basi ndilo tunalopanda wengi bila hata kufikiri, nitalirudia baadaye. Lakini ubishi unaochukua muda mrefu kati yetu vijana wenye digrii na vitambulisho shingoni ni wa treni na ndege. Juzi mwenzangu mmoja alimaliza ubishi kwa kusema hivi: "Treni ni ya watu wenye muda. Msomi mzima unalalaje njiani kwenda Moshi?"

Jamani, kauli ile imenikera kwa wiki nzima. Leo naomba niijibu.

Nianze kwa kukiri. Nimepanda ndege kwenda nyumbani, na sijutii. Mwaka jana usiku mmoja alinipigia baba mdogo akaniambia bibi amezidiwa, kama naweza nije. Wazee wetu hawasemi mambo moja kwa moja. Ukisikia "kama unaweza uje", ujue unaitwa. Siku ile haikuwa siku ya treni. Nikakata tiketi ya ndege ya asubuhi, nauli ya kwenda tu, ikalamba zaidi ya theluthi ya mshahara wangu.

Sasa tuangalie ile "saa moja" ambayo watu wa ndege hujisifia. Nilitoka Kimara saa 10 alfajiri. Ndege ilipangwa kuruka saa 1 asubuhi, ikaruka saa 2 na nusu (shirika silitaji, aliyewahi kusubiri anaelewa). Saa 4 kasoro tukatua KIA. KIA ni mbali na Moshi, kama kilomita 40 na ushei, kwa hiyo ni teksi, halafu kupanda Uru. Nilifika kwenye mgomba wa kwanza wa kihamba chetu saa 5 na nusu. Safari ya "saa moja" ilinichukua saa saba na nusu.

Lakini nilimkuta bibi anaongea. Alinishika mkono, akaniuliza kwa Kichaga kama nimekula. Mtu anaondoka duniani na bado anauliza kama umekula! Tulikaa naye mchana ule na kesho yake. Usiku wa pili akafariki. Kama ningesubiri treni, ningemkuta kimya. Kwa hiyo mtu asinihubirie kwamba ndege ni anasa. Siku ile haikuwa anasa.

Tukamzika kihambani, tukakaa matanga, na siku ya kurudi ikafika. Mfukoni sikuwa na kitu, halafu shangazi akaniletea mkungu wa ndizi, maparachichi na kilo kadhaa za maharage. Mzigo kama ule ukiupeleka uwanja wa ndege unaweza kulipia uzito kuliko bei ya ndizi zenyewe. Baba mdogo akasema, "Panda treni. Kazini hawatakufa ukichelewa kwa usiku mmoja." Nikapanda, daraja la pili kulala.

Ndugu msomaji, sijui kama umewahi kuiona milima ya Upare jua linapozama ukiwa dirishani mwa behewa. Kuanzia Kahe kwenda Same milima inakaa upande wako wa kushoto, inabadilika rangi taratibu, na hakuna dereva anayelipita lori kwenye kona. Ndani tulikuwa mimi, mfanyabiashara mmoja wa nguo kutoka Arusha, mwanafunzi wa chuo na mzee mmoja aliyekuwa anakwenda kwa mwanawe Dar. Yule mzee aliniuliza nani amefariki, maana aliniona. Nikamweleza habari za bibi tangu mwanzo hadi mwisho. Tangu msiba uanze nilikuwa nakimbizana na mambo ya mchango, turubai na chakula cha wageni. Usiku ule ndani ya behewa ndipo nililia kwa mara ya kwanza. Nikalala, nikaamka tunaingia Dar.

Kwa hiyo rafiki yangu anayesema treni ni ya watu wenye muda amekosea kitu kimoja. Kila mtu ana siku ambayo hana muda, na ana siku nyingine ambayo muda ndio anaouhitaji. Msafiri mwenye akili hachagui chombo kwa kuangalia heshima ya kuonekana. Anachagua kwa kuangalia anakwenda kufanya nini.

Tatizo letu sisi wa kaskazini ni kwamba uchaguzi huo mara nyingi haupo.

Tukumbuke historia kidogo. Reli hii si ngeni. Wajerumani walianza kuijenga Tanga mwaka 1893, ikafika Moshi mwaka 1911. Waingereza wakaifikisha Arusha mwaka 1929. Kipande cha Ruvu hadi Mnyusi, kinachotuunganisha sisi na Dar, kilifunguliwa mwaka 1963, tukiwa tayari huru. Uwanja wa KIA ulikuja baadaye, mwaka 1971. Wazee wa Uru walipanda treni kwenda kutafuta kazi Tanga kabla baba zetu hawajazaliwa. Kisha katika miaka ya 1990 treni ya abiria ikatutoka, na kizazi changu kikakua kikiona reli kama sehemu ya kuchunga mbuzi. Treni ikarudi Moshi Desemba 2019, na Arusha Oktoba 2020.

Wakati ilipokosekana, anga nayo ilituonyesha maajabu. Novemba 2012 Fastjet walianza kuruka Dar hadi Kilimanjaro na Mwanza, nauli ikitangazwa kuanzia shilingi 32,000 kabla ya kodi. Nilikuwa bado mwanafunzi, lakini nakumbuka watu ambao hawakuwahi kuota kupanda ndege wakirudi kijijini wakisimulia mawingu. Mwishoni mwa 2018 Fastjet wakasimama, na simulizi zikaisha. Funzo nililopata ni kwamba nauli ya ndege ina bwana wake, naye ni soko. Hupanda wakati ule ule unapoihitaji, yaani Desemba, na wakati wa msiba.

Sasa turudi kwenye basi. Usiku wa Februari 3, 2023 pale Magila Gereza, Korogwe, Coaster iliyokuwa ikitoka Dar na mwili wa marehemu kwenda kuzika Kilimanjaro iligongana na lori. Taarifa za kwanza zilisema watu 17 wamefariki. Watu wanaosindikiza maiti wakawa maiti wenyewe! Ilipoingia habari ile nilikuwa kazini, na kwa dakika kadhaa sikuweza kuandika sentensi ya kwanza, kwa sababu safari ile naijua. Ndivyo tunavyosafirisha misiba yetu: mnakodi gari, mnaondoka usiku ili mfike asubuhi, dereva amefanya kazi mchana kutwa. Mwaka huo huo wa 2023 mabasi nayo yakaruhusiwa tena kusafiri usiku.

Ukoo wa watu 25 hauwezi kupanda ndege. Tusidanganyane. Njia pekee ya kuwatoa watu hao barabarani usiku ni treni. Lakini treni yenyewe inakwenda siku chache tu kwa wiki, na msiba hausubiri ratiba. Hapo ndipo ninapoona ubishi wetu wa ofisini hauna maana. Tunabishana kama treni ni ya wasomi au ya wakulima, wakati swali la kweli ni kwa nini isiondoke kila siku.

Kama mtu anadhani Watanzania hawapendi treni, basi aangalie Dodoma. SGR ilianza kubeba abiria kwenda Morogoro Juni 2024, kisha Dodoma Julai, na Rais Samia akaizindua rasmi Agosti 1, 2024. Wenzangu wanaoripoti Bunge, wale wale waliokuwa wakibembeleza mhariri awakatie tiketi ya ndege, leo wanapanda treni na kufika kwa saa tatu na ushei hadi nne. Hawakubadilika kwa uzalendo. Walibadilika kwa sababu treni ipo asubuhi, ipo mchana na ipo jioni, na kituo hakiko nje ya mji kama KIA ilivyo nje ya Moshi. Jirani zetu Kenya waliona hayo tangu 2017 kati ya Nairobi na Mombasa. Ufaransa wao wamekwenda mbali zaidi: mwaka 2023 walizuia kwa sheria baadhi ya safari fupi za ndege pale ambapo treni inafika kwa chini ya saa mbili na nusu.

Najua nitakayojibiwa. SGR ni matrilioni, na kaskazini mtasubiri. Sawa, mipango ya reli ya kisasa kutoka Tanga hadi Arusha na Musoma nimeisikia, na siku ikija nitaishangilia. Lakini mimi leo siombi SGR. Naomba reli ile ile ya mjerumani, mataruma yapo, stesheni ya Moshi ipo, iongezewe safari hadi treni iondoke kila siku, na Desemba mabehewa yawe ya kutosha. Naomba pia behewa moja la heshima kwa ajili ya misiba, lenye mahali pa jeneza na viti vya ndugu. Mwendo wake hata ukibaki wa taratibu, mimi sina neno. Ukijua unaondoka lini na unafika lini, utapanga maisha yako.

Na ninyi vijana wenzangu, hasa mnaopanda ndege Desemba ili mpige picha mlima ukiwa dirishani: pandeni, ni fedha zenu, na mlima ule ukiwa juu ya mawingu kwa kweli ni mzuri. Ila msiniambie treni ni ya watu wasio na kazi. Abiria wa treni ndio wanaopeleka mbegu, ada za watoto na ndizi za shangazi. Mkiipanda na ninyi wenye sauti, mkalalamika ikichelewa, mkaandika, itaboreshwa haraka kuliko ikiachiwa watu ambao simu zao hazipokelewi na wakubwa.

Mwaka huu nitakwenda kwa treni, nikiwa na begi moja. Januari nitarudi kwa treni hiyo hiyo nikiwa na mkungu mwingine, maana shangazi ameshanipigia kuniambia anautunza. Bibi hayupo, lakini nitapita kihambani kumsalimia. Na simu ya usiku ikija tena, Mungu aiepushe, nitakopa nipande ndege bila kubishana na mtu.

Je, wewe mwenzangu, Desemba hii unapanda nini?