Homa inayorudi: Butembo na Beni zinahitaji macho kwenye darubini

Mjini Butembo kama mjini Beni, mgonjwa wa homa hutoka kituo cha afya na jina la malaria, na mara nyingi linaongezwa la pili, tifoide. Anapewa vidonge vya siku tatu, pengine na antibiotiki juu yake, anarudi nyumbani. Homa inaisha. Baada ya wiki moja hivi inaanza tena, naye anarudi kituoni na pesa zingine mkononi. Wakaaji wanaiita malaria sugu, ama wanasema dawa za siku hizi ni za bandia. Dawa bandia zipo kweli. Lakini kabla ya kulaumu dawa, kuna swali ambalo haliulizwi: nani alitazama ile damu?

Kuna ugonjwa wenye mwendo huo huo, na Kiswahili kimeupa jina tangu zamani: homa ya papasi. Papasi ni kupe asiye na gamba gumu. Anaishi ndani ya nyufa za sakafu ya udongo na za kuta, anatoka usiku, anafyonza damu kwa muda mfupi, na kabla ya mapambazuko amekwisha kujificha. Kuuma kwake hakusikiki sana, ndiyo maana mgonjwa akiulizwa kama aliumwa na kupe atajibu hapana, na hasemi uongo. Papasi anaweza kukaa miaka bila kula. Nyumba iliyoachwa na wenyewe kwa sababu ya vita inaweza kuwangojea naye akiwa bado ndani.

Anachoacha kwenye damu ni bakteria nyembamba iliyojisokota kama waya wa springi. Inaleta homa kali, maumivu ya kichwa na ya viungo, kutapika. Baada ya siku tatu hivi joto linashuka lenyewe, mgonjwa anafikiri amepona, kisha linapanda tena. Na siku tatu ndizo hasa za vidonge vya malaria. Dawa ya malaria haiui bakteria hiyo hata kidogo, ila inamalizika siku ile ile homa inaposhuka, basi inapata sifa isiyo yake. Muuguzi anaandika kwamba mgonjwa amepona. Wiki inayofuata anaandika malaria mpya.

Huu si ugonjwa wa kigeni kwa mashariki ya Kongo. Kisayansi ulijulikana sehemu kubwa hapa hapa. Mwaka 1904 na 1905 madaktari wawili waliotumwa na chuo cha magonjwa ya tropiki cha Liverpool, Joseph Everett Dutton na John Lancelot Todd, walifanya uchunguzi wao kwenye njia ya kupanda mto Kongo mpaka Kasongo, katika Maniema ya leo, wakaonyesha kwamba papasi ndiye anayepeleka homa hiyo kwa mtu. Wote wawili waliugua. Dutton alikufa Kasongo Februari 1905, akiwa na miaka 30, na bakteria yenyewe ikapewa jina lake. Huko Tanzania, upande wa Dodoma, madaktari wameendelea kuifuatilia kwa miaka mingi, na wameonyesha hatari yake kubwa zaidi iko wapi: kwa mama mwenye mimba, anayeweza kupoteza mtoto tumboni au siku chache baada ya kujifungua, na kwa watoto wadogo.

Ulaya na Marekani wana ndugu wa ugonjwa huu, unaoitwa Lyme kwa jina la mji mmoja wa Connecticut. Nao unaletwa na kupe, wa aina nyingine anayekaa porini. Kipimo chake kinatafuta askari wa mwili ndani ya damu, na askari hao wanachukua wiki kadhaa kuonekana, kwa hiyo mgonjwa wa mwanzo anaweza kuambiwa hana kitu. Kule wagonjwa na madaktari wanabishana miaka na miaka juu ya kipimo hicho. Sisi hatujafika kwenye ubishi huo, na kwa ajabu ya mambo, kipimo chetu ni rahisi kuliko chao: homa ya papasi inaonekana kwa macho, kwenye tone nene la damu, kwa darubini ile ile ya malaria. Sharti ni moja, damu itolewe wakati homa imepanda. Ikitolewa siku za utulivu, bakteria inakuwa chache mno, haionekani.

Sasa darubini inaachwa. Kipimo cha haraka cha malaria kimeokoa watu wengi, hasa kwenye vijiji visivyo na umeme, na hakuna mwenye akili atakayetaka kiondolewe. Lakini kinajibu swali moja tu. Kikionyesha hapana, muuguzi anabaki mikono mitupu na mgonjwa anayetetemeka mbele yake. Kikionyesha ndiyo, bado si mwisho wa maneno, maana upande wa Beni, ambako joto na mbu ni vingi kuliko Butembo iliyo juu ya mita 1,700, mtu anaweza kuwa na vijidudu vya malaria ndani ya damu huku homa ya leo imeletwa na kitu kingine. Kipimo cha tifoide kinachopendwa katika vituo vyetu, kile cha Widal, nacho kikifanywa mara moja tu hakiaminiki. Kinaweza kusema ndiyo kwa mtu aliyeugua zamani, au ambaye hajaugua kabisa.

Miji hii miwili ilikwisha kulipa kwa kutotofautisha homa. Ebola ilitangazwa tarehe 1 Agosti 2018 kutoka Mangina, karibu na Beni, na uchunguzi ukaonyesha kwamba watu walikuwa wakifa nayo tangu miezi iliyotangulia. Katika Beni, wengi waliambukizwa ndani ya vituo vidogo vya matibabu walikokwenda kutibiwa malaria, watoto wakiwa miongoni mwao. Mwishoni mwa Novemba mwaka huo ilibidi wakaaji wa Beni wagawiwe dawa za malaria nyumba kwa nyumba, kampeni iliyolenga watu 450,000, ili wagonjwa wa homa wapungue na wale wa Ebola waonekane. Upande wa Butembo na Katwa kosa lilikwenda kinyume: watu walikimbia hospitali kwa kuogopa kwamba homa yoyote itaitwa Ebola. Ugonjwa ulipotangazwa kumalizika, tarehe 25 Juni 2020, walikuwa wamehesabiwa wagonjwa 3,470 na vifo 2,287.

Wakati ule maabara zilikuja. Mashine zilitoa jibu kwa saa chache, na matibabu katika maeneo ya afya yaliyoguswa yalikuwa bure kwa kipindi. Pesa za nje zilifuata Ebola na zikaondoka nayo. Mama wa Kyondo au wa Oicha mwenye homa ya kawaida alibaki na kituo kile kile, na bei ya kupimwa ambayo inamfanya apitie kwanza kwenye farmasi ya barabarani.

Na kupitia farmasi kuna hatari yake. Homa ya papasi inatibika kwa antibiotiki za bei ndogo: doksisiklini kwa mtu mzima, eritromisini kwa mama mwenye mimba na mtoto mdogo. Lakini saa za kwanza baada ya dawa bakteria zinakufa kwa wingi, joto linaweza kupanda sana na msukumo wa damu kushuka. Mgonjwa anapaswa kulala kituoni akiangaliwa. Akimeza mwenyewe nyumbani na kuona hali imekuwa mbaya, ataacha dawa, na nani atamlaumu?

Tangu Goma iingie mikononi mwa M23 Januari 2025, viongozi wa jimbo wamehamia Beni, na maabara kubwa ya INRB ya Goma imebaki upande wa pili wa mstari wa vita. Hiyo ni sababu ya kutosha ya kukataa kungoja mashine mpya. Kinachotakiwa kwa homa hii ni kioo, rangi ya kupaka damu, darubini nzima, na mtu aliyefundishwa asiishie kutafuta malaria peke yake. Idara ya afya ya jimbo inaweza kuliamuru jambo hili bila mfadhili: mgonjwa yeyote anayerudi na homa ndani ya wiki mbili asipewe tena vidonge vya malaria kabla damu yake kutazamwa kwa darubini, siku ya homa yenyewe. Na ianzie kwa wakimbizi wa vita waliokuja kutoka kusini ya Lubero, wanaolala chini kwenye sakafu za udongo, wamama wenye mimba wakiwa wa kwanza kwenye mstari.