Reli itengenezwe kiangazi



Natoa maoni yangu kuhusu matengenezo ya Reli ya Kati baina ya Kilosa na Gulwe.

Kila aliyesafiri kwa treni anajua kuwa sehemu hiyo reli hufuatana na Mto Mkondoa. Mwishoni mwa mwaka 2009 na mwanzoni mwa 2010 mafuriko yalisomba tuta la reli, na treni zikashindwa kupita kwa miezi kadhaa. Mimi nilikuwa na magunia ya karanga hapa Tabora. Niliyapeleka Dar es Salaam kwa lori, na nauli ikala faida yote.

Nawapongeza wafanyakazi wa magenge ya reli. Nikisafiri wakati wa kiangazi huwaona juani wakibadilisha mataruma, wakishindilia kokoto na kuzibua makalavati yaliyojaa mchanga. Watu huwasifu wakati wa mafuriko tu, kumbe kazi inayookoa reli ni hii ya kiangazi. Kalavati likiziba, maji hukosa njia, yakavunja tuta.

Kwa hiyo naomba wahusika wayaongezee magenge hayo watu na vifaa mapema, ili kazi iishe kabla ya mvua za Desemba. Nasi wananchi tuache kulima kingo za mto na kununua vyuma vilivyoibwa relini. Tusipoziba ufa tutajenga ukuta.

Msafiri,
Tabora.