Kansere ya titi: mashini mpya inaona mbali, lakini kisha picha?

Katika mamografia ya kawaida, titi linabanwa kati ya sahani mbili, picha moja inatoka, bapa kama karatasi. Shida ni kwamba nyama ya titi inalaliana, na uvimbe mdogo unajificha ndani. Mashini mpya, tomosintesisi, ambayo Marekani iliruhusu mwaka 2011, inazunguka kidogo juu ya titi na kupiga picha nyingi zenye mionzi kidogo. Kompyuta inazipanga vipande vipande, sawa mkate wenye kukatwa, na munganga anaangalia kipande kimoja kimoja. Kuko njia ingine: mama anadungwa dawa ya iodini kwenye mshipa, na kwa sababu kansere inavuta damu mingi, inawaka kwenye picha.

Jambo hili linagusa wamama wa kwetu. Titi la mwanamke kijana limekazana, kwenye picha linatoka jeupe; uvimbe nao ni mweupe. Na katika Afrika, wagonjwa wengi wanagunduliwa wakiwa vijana kuliko wa Ulaya.

Tuseme basi mashini kama hiyo imefika Lubumbashi kesho. Itaomba umeme wa kutulia, na kila mtu hapa anajua namna SNEL inakata moto. Tena picha inatoa shaka tu. Kuhakikisha ni sindano, kipande cha nyama, kisha maabara. OMS, katika mpango wake wa 2021, inataka jibu kamili lipatikane kwa siku 60 tangu mama afike mara ya kwanza kwa munganga. Makuta ya kufupisha zile siku yangefaa kutangulia makuta ya mashini.

Halafu matibabu. Madini ya Shinkolobwe, karibu na Likasi, ndiyo Union Minière ilitolea radiumu huko Ubelgiji kuanzia 1922, na radiumu ile ilitibu kansere za wazungu. Leo mtu wa Lubumbashi mwenye kuhitaji mionzi, Lusaka iko karibu naye kuliko Kinshasa.

Kwa sasa, mwenye kugusa kidonge kigumu, ao kuona ngozi inakuwa kama ganda la chungwa, ao chuchu kutoa damu, asingojee mashini mpya. Aende aguswe na munganga, apige eko. Eko haina mionzi, na kwa mwanamke wa chini ya miaka 30 mara nyingi ndiyo inatangulia mamografia.